Mwendo wa Saa Moja na Nusu

Baba yangu ana dada mmoja tu, na dada huyo aliolewa Bukoba. Sisi tuko upande huu wa Njombe. Baba anaishi kijijini, nje kidogo ya mji, kwenye shamba lake la viazi na parachichi, na mimi niko Makambako, ambako nina stationari karibu na stendi. Natoa kopi, nachapa barua, najaza fomu za vijana wanaoomba vyuo. Ukiitazama vizuri, kazi yangu ni kuwasomea watu mambo yaliyo kwenye kompyuta na kuwaambia yanasemaje. Ndiyo maana jambo nililomfanyia baba mwaka juzi linaniuma kuliko ambavyo lingemuuma mtu wa kazi nyingine.

Shangazi aliondoka hapa zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Mumewe alikuwa bwana shamba aliyeletwa Njombe na serikali, Mhaya, kijana mpole aliyesali kwenye kanisa letu na kukaa benchi la nyuma. Walipofunga ndoa akahamishwa kurudi kwao, naye shangazi akamfuata. Tangu hapo alirudi mara moja tu, bibi alipofariki, akakaa siku tatu katikati ya msiba wenye watu wengi, akaondoka. Mume alikufa. Watoto wakatawanyika. Kilichobaki kati yake na baba ni simu ya kila Jumapili baada ya ibada. Baba huzungumza kwa sauti kubwa, kama vile umbali unataka kusukumwa, na shangazi hujibu kwa Kibena ambacho kimeanza kupungua. Neno likimpotea anaweka la Kihaya, baba anaitikia tu, halafu akikata simu ananiuliza mimi maana yake, kana kwamba mimi ningejua.

Jumapili moja ya mwezi wa tano shangazi alimwambia kwamba magoti yamekataa. Hawezi tena kupanda basi, na kama wanataka kuonana ni yeye baba aje. Baba alikuja Makambako Jumatatu yake asubuhi, amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa mwalimu wa jiografia wa shule ya msingi miaka mingi, na hata sasa akitaka jambo huanza na swali la darasani. Aliketi kwenye kiti cha wateja akaniuliza kutoka kwetu hadi Bukoba ni kilomita ngapi kwa ndege, na inachukua muda gani.

Njombe tuna kiwanja cha ndege pale mjini, ila kwa safari ya abiria kama ile ilitubidi tuanzie Songwe, Mbeya. Nikaandika Songwe, nikaandika Bukoba. Ukurasa ukafunguka una ramani, na juu ya ramani umechorwa mstari mwekundu uliopanda moja kwa moja kutoka kusini hadi kwenye Ziwa Viktoria. Pembeni paliandikwa kilomita mia nane na hamsini na kitu, na chini yake muda wa kuruka, kama saa moja na nusu. Nikamsomea.

Baba aliufuata ule mstari kwa kidole hadi ziwani. Kisha akasema, “Saa moja na nusu. Kutoka kwangu kuja hapa kwako, nikisubiri gari lijae, ni zaidi ya hapo.”

Chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na maandishi madogo. Yalisema kwamba hiyo ni hesabu ya mstari ulionyooka, na haina maana kwamba ipo ndege inayopita njia hiyo. Niliyaona. Kulikuwa na watu wawili nyuma yake wanasubiri kopi za vyeti, na baba alikuwa ametabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu mama afariki. Nikachapa ukurasa, nikampa. Aliukunja mara nne akautia kwenye mfuko wa ndani wa koti, na jioni ile ile akampigia dada yake, ingawa haikuwa Jumapili.

Ukweli niliujua wiki moja baadaye, nilipokwenda kukata tiketi. Dada wa pale ofisini alinieleza kwa upole kwamba hakuna ndege ya kutoka Songwe kwenda Bukoba. Tungepanda kwenda Dar es Salaam, tukashuka, tukapanda nyingine kwenda Mwanza, tukashuka, tukapanda ya tatu. Tungeondoka saa tano asubuhi, na kama kila kitu kingekwenda sawa, tungefika saa kumi na moja jioni. Nilikata tiketi mbili, yake na yangu. Nilipompigia baba nilimwambia tu kwamba tutabadilisha ndege njiani. Alijibu kwamba hakuna shida, hata watu wa Makete hubadilisha gari wakifika Njombe. Nikaliacha hapo. Nilijiambia kwamba mzee wa miaka sabini na tatu akisikia habari ya ndege tatu ataghairi, na dada yake hataonekana tena. Kulikuwa na ukweli ndani yake. Lakini pia nilikuwa naona aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyofunga mdomo wangu.

Tuliondoka Makambako Jumatatu ya katikati ya mwezi wa sita. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kuvunja mifupa. Baba alikuwa na begi dogo la nguo, na kiroba cha viazi alichokishona mwenyewe mdomo kwa uzi wa katani. Tulishuka kwa basi kupitia Igawa na Chimala, tukafika Mbeya, tukalala Mbalizi karibu na uwanja. Jumanne, kwenye mizani ya Songwe, kiroba kilizidi. Baba alikaa chini sakafuni, akafumua uzi wake, akatoa viazi kimoja kimoja hadi mizani ikaridhika. Alivyovitoa aliwagawia wanawake waliokuwa wakifagia ukumbi, akiwaeleza namna ya kuvihifadhi visichipue.

Ndani ya ndege alikaa dirishani. Hakuogopa. Ndege ilipopinda baada ya kupaa alitoa ile karatasi, akaifungua juu ya magoti, akatazama jua, akatazama karatasi. Mwalimu wa jiografia humdanganyi kwa jua. Alinigeukia akasema ndege hii inakwenda mashariki. Nikamwambia tunakwenda Dar es Salaam kwanza. Akaniuliza Dar es Salaam iko wapi kwenye mstari. Nikamwambia haipo kwenye mstari. Akaikunja karatasi yake polepole, akairudisha mfukoni.

Dar es Salaam tulingoja. Ndege ya Mwanza ilichelewa kwa sababu ya hali ya hewa upande wa ziwa. Kwanza wakasema nusu saa, kisha saa moja, kisha wakaacha kusema. Baba alivua koti kwa joto, akalishika mapajani. Ilipofika saa nane mchana aliangalia saa yake ya mkononi, akaniambia kwamba saa sita na nusu ndio muda aliomwambia dada yake tutakuwa tumetua Bukoba. Nikatoka pembeni kumpigia shangazi. Simu iliita, haikupokelewa. Nikapiga tena, na tena. Nikampigia mjukuu wake, msichana anayefundisha shule Muleba na ndiye anayemtunza. Yake ilikuwa imezimwa, maana alikuwa darasani akifundisha masomo ya likizo.

Tulifika Mwanza jua likiwa limeshuka, na ile ndege ndogo ya Bukoba ilikwishaondoka. Kijana mmoja wa uwanjani alituambia turudi kesho asubuhi. Tulipokuwa tumesimama nje na mizigo yetu, simu yangu ikaita. Alikuwa mjukuu. Alisema anatoka uwanja wa Bukoba kumchukua bibi yake, yaani shangazi. Bibi alikuwa amefika pale kwa pikipiki tangu saa tano asubuhi, amevaa kitenge kipya, akaacha simu nyumbani kwenye droo kwa kuogopa kuibiwa. Kila ndege iliyotua alisimama. Ile ya mwisho, ya jioni, alisogea hadi kwenye uzio akahesabu abiria wote walioshuka, na alipoona wamekwisha hakutaka kuondoka. Mlinzi alimletea kiti.

Sikuwa na namna ya kumficha baba. Alikuwa amesimama karibu nami, na msichana alikuwa akizungumza kwa sauti. Baba aliniomba nimwambie mjukuu ampe pole bibi, na kwamba tutafika kesho. Tukachukua chumba nyumba ya wageni. Chakula hakula.

Asubuhi tulirudi uwanjani mapema mno, kwa sababu alikataa kusubiri nyumba ya wageni. Tulikuwa karibu peke yetu pale ukumbini. Ndipo aliponieleza jambo ambalo, nadhani, hata mama hakuwahi kuambiwa.

Siku shangazi anaondoka kwenda Bukoba, baba alikuwa kijana wa miaka ishirini kasoro. Bibi, mama yao, alimtuma amsindikize dada yake hadi Makambako, ahakikishe basi la Iringa limeondoka naye, kisha arudi kumpa habari. Walisafiri na lori la magome ya miti ya miwati, shangazi na mumewe mbele kwa dereva, baba juu ya mizigo. Kutoka Makambako wangepita Iringa hadi Dodoma, kisha treni hadi Mwanza, kisha meli. Ilikuwa safari ya karibu wiki nzima. Pale Makambako basi lilikawia. Watu walikuwa wamekwishakaa ndani, shangazi dirishani upande wa pili, na basi haliondoki. Yule dereva wa lori akapiga honi, anageuza kurudi Njombe, na hakukuwa na gari lingine hadi kesho yake. Baba alikuwa na njaa na baridi. Aliruka akapanda lori. Hakuzunguka upande wa pili wa basi kumuaga dada yake. Alipofika nyumbani alimwambia bibi kwamba aliliona basi likiondoka.

“Nilijua atanitafuta kwa macho,” baba aliniambia. “Na jana amenitafuta tena.”

Nami nikamweleza yangu: yale maandishi madogo niliyoyaona nikayaruka, na yale aliyonieleza dada wa tiketi. Niliyasema nikiangalia sakafu. Nilitegemea anikaripie, na kwa kweli nilitaka anikaripie. Baba alifikiri kwanza, kama alivyokuwa akifikiri juu ya jibu la mwanafunzi ambalo si sahihi wala si la kufuta, kisha akasema kwamba angejua ni safari ya siku tatu asingekuja. Baadaye kidogo akaongeza kwamba hata hivyo nilipaswa kumsomea yote, halafu uamuzi ungekuwa wake. Hilo la pili ndilo ninalokumbuka kila mteja anaponiletea karatasi.

Ndege ya Bukoba iliruka juu ya maji kwa dakika arobaini na tano hivi. Shangazi alikuwa kwenye uzio. Kitenge kilikuwa kile kile cha jana, kimepigwa pasi upya. Nilimtambua kwa paji la uso, maana ni paji la baba. Baba alitembea kwenda kwake bila kukimbia, akiwa amelishika koti mkononi, akaweka begi chini, akasema, “Kamwene, dada.” Naye akaitikia, “Kamwene.” Walishikana mikono kwa muda mrefu. Kisha shangazi akamwambia kwamba amezeeka vibaya, na wote wawili wakacheka.

Nyumba yake iko katikati ya migomba, kiasi kwamba ukiwa uani huoni jirani. Alikuwa amepika ndizi jana, zikalala, na amepika nyingine leo. Alipopokea viazi alivinusa kabla ya kuviweka jikoni. Mchana wote walizungumza habari za nyumbani. Shangazi aliuliza kuhusu mto, kuhusu ua wa miti ambao haupo tena, kuhusu watu ambao karibu wote wamekufa. Baba alimjibu kwa mpangilio, mmoja baada ya mwingine.

Jioni, tukiwa tunakunywa chai, shangazi alianza kumsimulia mjukuu wake hadithi ambayo ni dhahiri msichana aliijua kwa moyo. Alisema siku alipoondoka kwao alilia sana ndani ya basi, hakuwa akimjua mtu yeyote huko aendako. Lakini basi lilipoanza kwenda aligeuka nyuma, na katikati ya vumbi akamwona mdogo wake amesimama barabarani, amevua kofia, anapunga mkono. Alipunga hadi basi likapotea. Shangazi alisema picha hiyo ndiyo iliyomvusha ile wiki nzima, na miaka ya kwanza ya ugeni, alipokuwa hajui lugha na mama mkwe hampendi.

Nilimtazama baba. Angeweza kunyamaza. Mimi ningenyamaza, na nadhani watu wengi wenye huruma wangenyamaza pia. Yeye aliweka kikombe chini.

“Dada,” alisema, “yule hakuwa mimi. Mimi nilikuwa nimekwishapanda lori.”

Akaeleza yote, honi, njaa, na uongo aliomwambia mama yao. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho. Uso wake haukubadilika sana, ila mkono wake uliacha kuzungusha kijiko. Mjukuu aliniangalia mimi, nami sikujua nifanye nini na macho yangu.

“Kwa hiyo yule alikuwa nani?” shangazi akauliza.

Baba akasema hajui.

Shangazi aliinuka kwa shida, akakusanya vikombe ambavyo vingine havikuwa vimeisha, akaenda navyo ndani. Hakurudi. Tulikaa pale uani hadi inzi wakaisha na mbu wakaanza. Baba aliniuliza kama amekosea. Nilimwambia sijui, na hadi leo sijui. Alikuwa amebeba kosa lile nusu karne, na sasa alikuwa amelitua. Lakini alilitua juu ya kitu ambacho dada yake alikuwa akikiegemea. Nimelifikiria hili mara nyingi nikiwa dukani, na kila mara naishia mahali tofauti.

Kesho yake shangazi alitoka nje kabla yetu. Tulimkuta anamenya ndizi, na baba akachukua kisu cha pili akakaa mbele yake, akaanza kumenya vibaya. Shangazi alimwacha amenye mbili tatu. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, kwamba amemwombea yule mtu usiku, yeyote aliyekuwa, kwamba Mungu ambariki kwa kumpungia mtu asiyemjua. Akasema tena kwamba mdogo wake amemkosa mara mbili, Makambako na juzi pale uwanjani, na kwa hiyo hatarudi nyumbani baada ya siku tano kama tiketi inavyosema. Atakaa. Baba alinitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye ruhusa. Nikamwambia viazi nitavisimamia.

Nilirudi peke yangu, ndege tatu, na safari hii hazikuchelewa. Baba alikaa Bukoba zaidi ya miezi miwili. Tulizungumza kwa simu Jumapili, na sasa mimi ndiye niliyekuwa nasikia sauti mbili upande wa pili, zikisahihishana. Aliniambia wanabishana sana. Shangazi anashikilia kwamba nyumba ya babu ilikuwa na madirisha mawili mbele, yeye anajua yalikuwa matatu. Alijifunza kumenya ndizi. Alijifunza kusalimia wazee wa kule kwa Kihaya, naye shangazi alikuwa akiyaokota maneno ya Kibena aliyoyapoteza, mengine yakimrudia akiwa jikoni peke yake, akapaza sauti kumwita baba aje ayasikie kabla hayajapotea tena. Kuhusu yule mtu wa barabarani hawakuzungumza tena, au kama walizungumza, baba hakunieleza.

Mwishoni mwa mwezi wa nane nilikuwa nikitafuta tarehe nzuri ya kumkatia tiketi ya kurudi. Alasiri moja simu ikaita nikiwa natoa kopi. Baba aliniambia yuko stendi. Nilimuuliza stendi gani. Akasema stendi ya hapa Makambako, na kwamba ana mzigo, nije na mtu wa kusaidia.

Nilifunga duka nikaenda mbio. Alikuwa amekaa juu ya begi lake, ndevu nyeupe zimeota, koti limejaa vumbi. Alikuwa ametoka Bukoba kwa basi, akapita Biharamulo na Kahama na Singida, akalala Dodoma, akapanda jingine kupitia Mtera hadi Iringa, na jingine hadi hapa. Hakumwambia mtu ila dada yake, naye dada yake alimfungia chakula cha siku mbili. Nilikasirika. Nilimwambia angeweza kufia njiani. Alinijibu kwamba hakuiona nchi yoyote alipokwenda, na alitaka kujua dada yake alipitishwa wapi.

Mzigo ulikuwa kiroba chenye machipukizi matatu ya migomba, mizizi imefungwa kwa nguo iliyoloweshwa maji. Nilimwambia migomba ya Bukoba haiwezi baridi ya Njombe. Alisema shangazi naye alimwambia hivyo hivyo, lakini akamchimbia.

Aliipanda nyuma ya jiko, mahali ukuta unapokinga upepo. Mwaka uliofuata umande wa mwezi wa saba ukaganda, ukaua miwili. Wa tatu baba aliufunika kwa magunia kila jioni na kuufunua kila asubuhi, nao umepona, ingawa ni mfupi na majani yake yana kingo za kahawia. Shangazi huuliza habari zake kila wakizungumza. Baba humwambia una majani mangapi, na dada yake, akiwa kule kwenye migomba yake mingi, humwelekeza jani lipi akate na lipi aliache.